Herufi mbili za Zanzibar ziko wapi?



Juzi hapa Falls Church, Virginia, nilikuwa namsaidia kijana wangu kujaza fomu kwenye kompyuta. Palipoulizwa nchi aliyozaliwa babu yake, akateremka na orodha mpaka chini: Yemen, Zambia, Zimbabwe. Basi. Akaniuliza, "Baba, sisi tuko wapi?" Nikamwambia apande juu, kwenye T.

Orodha ile ni ya Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, na ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1974. Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Disemba 1963, na Muungano ukaja 26 Aprili 1964. Kwa hivyo orodha inachapwa, sisi tumeshakuwa ndani ya Tanzania miaka kumi. Intaneti nayo haikutunga orodha yake, iliazima hiyo hiyo kwa ajili ya zile herufi mbili za mwisho wa anuani: Kenya .ke, Komoro .km, Shelisheli .sc. Mwaka 1995 ikaja .tz, na sisi humo humo.

Wapo watakaosema, herufi mbili zina nini? Waulizeni watu wa Tuvalu. Ni visiwa tisa vya Bahari ya Pasifiki, vyote kilomita za mraba 26, watu kama elfu kumi na moja. Herufi zao ni .tv, na dunia nzima ya televisheni ikazitaka. Fedha zake ndizo zilizowasaidia kuingia Umoja wa Mataifa mwaka 2000. Kwa takriban miaka ishirini .tv ilisimamiwa na VeriSign, ambayo leo makao yake makuu yako Reston, hapa hapa Virginia, mwendo wa gari mfupi tu kutoka kwangu. Sisi jina letu linajulikana na kila mtalii, na hoteli zetu zinalitumia chini ya .com.

Najua jibu litakalokuja: Zanzibar si dola, isipewe. Jamani, si kweli! Rudini kwenye orodha ile ile, mwanzoni kabisa, jirani na Afghanistan. Mtaona Visiwa vya Åland. Ni sehemu ya Finland, vina watu kama elfu thelathini, vina bunge lao na utawala wao wa ndani. Zamani anuani zao zilikuwa chini ya aland.fi, kama zilivyo ofisi nyingi za SMZ chini ya .go.tz. Mwaka 2006 wakapata .ax yao. Finland haikuvunjika. Réunion ni Ufaransa, ina .re. Jersey na Guernsey, ambazo mambo yao ya nje na ulinzi yako kwa Uingereza, zilipata zao 1996, hata kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya ISO.

Sasa tuache kuwalaumu wazungu wa viwango. Mambo ya nje ni ya Muungano, na posta na simu vilikuwemo katika mambo ya Muungano tangu 1964, kwa hivyo SMZ haiwezi kwenda kupiga hodi peke yake. Barua lazima ipitie Serikali ya Muungano. Lakini lazima kwanza itoke Zanzibar! Kila mwaka tunasikia vikao vya kero za Muungano, mafuta, mgawanyo wa mapato, misaada. Hili liwekwe mezani kwa jina lake, na Wawakilishi walihoji Barazani. Halina gharama ya bandari wala ya uwanja wa ndege. Tukilipata, tusiliuze kwa wakala wa kwanza atakayetua na mkoba.

Na nafasi ipo. Nchi zinazotumia herufi zinazoanzia na Z ni tatu tu: Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe.