Santuri ya Guillaume na muuza dawa



Mzazi mmoja wa Kadutu, ambaye mwanawe huimba sauti ya tenori katika kwaya, alinijia jioni moja na shauri lake. "Mwalimu," akasema, "kijana wangu hushinda akisikiliza mchezo wa Kizungu ambamo mtu anauziwa mvinyo akiambiwa ni dawa ya mapenzi. Je, ndiyo masomo hayo?" Nikamwomba aniazime hizo santuri. Nimezisikiliza mara tatu: kwanza peke yangu, kisha pamoja na mke wangu na watoto, na mara ya mwisho pamoja na yule kijana, baba yake akiwa ameketi mlangoni kama mtu asiyesikiliza.

Mchezo wenyewe ni opera ya kuchekesha, yaani hadithi ambayo maneno yake huimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Jina lake ni Le Philtre. Maneno yalitungwa na Eugène Scribe, muziki na Daniel-François-Esprit Auber, nayo ilichezwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 20 Juni 1831. Wazee waliosoma historia ya Ubelgiji mashuleni hawakosi kumjua Auber, hata kama wamesahau jina lake. Opera yake nyingine, La Muette de Portici, ndiyo iliyokuwa ikichezwa Brussels usiku wa tarehe 25 Agosti 1830. Watu wakatoka ukumbini mioyo ikiwaka, ghasia zikaanza mjini, na mwisho wake Ubelgiji ikajitenga na Uholanzi. Basi mtu huyu alijua kuwasha watu moto. Mwaka uliofuata akataka kuwachekesha.

Santuri ninazozisema ni mbili, zimetolewa na kampuni ya Naxos, nazo zatokana na tamasha la Rossini lililofanyika mwaka 2021 huko Bad Wildbad, Ujerumani. (Rossini mwenyewe aliwahi kwenda katika mji ule mwaka 1856 kutafuta uponyaji katika maji yake ya moto, kwa hiyo mahali pale pamezoea habari za dawa.) Orkestra ni ya Kraków, nchi ya Poland, na kiongozi wake ni Luciano Acocella. Lakini lililomvuta kijana wetu si orkestra. Yeye aimbaye nafasi ya kwanza, nafasi ya mkulima Guillaume, ni Patrick Kabongo, Mkongo.

Kisa ni hiki. Guillaume ni maskini naye ampenda Térézine, msichana mwenye shamba kubwa, ajuaye kusoma, ambaye anawasomea wavunaji hadithi ya malkia Yseult na dawa yake ya mapenzi. Guillaume asikia, na kwa kuwa hana mali wala maneno matamu, aona dawa ya namna hiyo ndiyo tumaini lake la pekee. Mara anafika Fontanarose, muuza dawa, mwenye kuponya kila ugonjwa chini ya jua. Amwuzia Guillaume chupa moja. Ndani yake mna mvinyo wa Italia uitwao Lacryma Christi, maana yake Machozi ya Kristo, na hiyo ndiyo dawa yote. Asiyemjua Fontanarose na apite sokoni Kadutu siku yoyote, asimame karibu na yule mwenye kipaza sauti na meza ya chupa zisizo na majina, dawa moja kwa mgongo, kwa minyoo na kwa bahati mbaya. Watoto wangu walimtambua kabla hajamaliza maneno kumi, ingawa Kifaransa chao bado ni kidogo.

Sasa natoa hukumu yangu. Mchezo wa kuchekesha ukikamatwa katika santuri hupoteza nusu ya silaha zake. Hatuoni uso wa tapeli, hatuoni mlevi anavyoyumba. Hubaki sauti na maneno tu. Na maneno yasiposikika wazi, kicheko hakiji. Katika santuri hizi waimbaji wengi hawakukulia katika Kifaransa. Luiza Fatyol, aimbaye Térézine, ana koo jepesi, apanda na kushuka kama ndege wa ziwani, lakini mara nyingine nilibaki na noti nzuri bila neno. Eugenio Di Lieto katika Fontanarose ana besi ya kutosha na ulimi wa haraka. Kosa lake, masikioni mwangu, ni kwamba huonyesha mno kuwa ni mwongo. Muuza dawa hodari hujiamini mwenyewe. Yule wa Kadutu humeza kidonge chake mbele ya watu.

Kabongo ni habari nyingine. Sauti yake si kubwa, naye halazimishi iwe kubwa. Kila silabi yafika mahali pake, kama msomaji mzuri wa somo kanisani asiyepiga kelele na bado asikika mpaka benchi la mwisho. Zaidi ya hayo, hamcheki Guillaume. Waimbaji wengi wakipewa nafasi ya mjinga hufanya ujinga: hukoroma, huvuta maneno, hutafuta kicheko cha upesi. Kabongo amwimba kama kijana mwenye akili yake ambaye hakuna mtu aliyemfundisha. Mimi niliyekaa darasani miaka hii yote nawajua vijana wa namna hiyo, nami nilimshukuru.

Nisingependa kuficha mahali paliponiumiza. Katika sehemu ya pili Guillaume ataka chupa nyingine, na fedha hana. Sajini Jolicoeur, ambaye pia amtaka Térézine, amwambia kwamba ajiandikishaye uaskari hulipwa papo hapo. Guillaume atia alama yake, apokea fedha, akimbilia kwa Fontanarose. Hapo mke wangu aliacha kuchambua maharage.

"Amejiuza?" akaniuliza.

"Ndiyo, kwa bei ya chupa."

"Na watu wa Paris walicheka?"

Walicheka, mama. Walicheka zaidi ya jioni 200, kwa maana mchezo huu ulidumu katika jumba lile la opera miaka 30 na zaidi. Lakini sisi wa Kivu twawajua vijana waliokwenda kushika bunduki kwa ajili ya fedha ya wiki moja, na mama zao wangali wakitazama njia. Muziki wa Auber haujali hayo. Wapita mahali pale kwa mwendo wa ngoma za askari, mwepesi, wa kupendeza, naye Acocella auendesha vilevile bila kusita. Nimejiuliza kama kosa ni la kiongozi au la mtungaji. Naona ni la mtungaji. Kiongozi akipunguza mwendo atavunja mchezo; Kabongo, kwa upande wake, hapo huacha mzaha kabisa, na hilo tu ndilo aliloweza kulifanya.

Kwamba mahali pale palihitaji kitu zaidi, mtu mwingine alikwisha kuliona. Haukupita hata mwaka, tarehe 12 Mei 1832, Gaetano Donizetti akatoa mjini Milan opera yake L'elisir d'amore, ambayo ni kisa hicho hicho kilichogeuzwa Kiitalia na Felice Romani. Hata mwimbaji wa kwanza wa sajini alikuwa yule yule, Henri-Bernard Dabadie, aliyetoka Paris na kwenda kuimba Milan. Chupa ikawa ya mvinyo wa Bordeaux, Guillaume akawa Nemorino. Lakini Donizetti akaongeza karibu na mwisho wimbo mmoja wa taratibu, ambamo kijana akumbuka chozi alilomwona msichana akilitoa kwa siri. Wimbo ule ndio uliozunguka dunia, nao ndio uliomzika Auber. Mwenye kuweza atafute santuri za mwaka 1970 ambamo Luciano Pavarotti aimba Nemorino pamoja na Joan Sutherland, kiongozi akiwa Richard Bonynge. Huko ujana na utajiri wa sauti havina kifani. Hata hivyo, kwa kijana wa kwaya ya Bukavu nasema aanze na Kabongo. Sauti ya Pavarotti hupewa mtu mmoja katika kizazi, na ajaribuye kuiga ataharibu koo. Lakini kutamka kama Kabongo, kupumua mahali panapofaa, kuacha neno limalizike kabla ya kupamba noti, hayo yafundishika, tena kwa lugha ambayo watoto wetu huisoma shuleni kila siku.

Muziki wa ufunguzi mwaweza kuuruka, hauna mengi. Msiruke wimbo wa kuingia wa Fontanarose, wala kile kipande ambapo wasichana wa kijiji wamezunguka Guillaume kumbembeleza, wakiwa wamesikia kabla yake kwamba mjomba wake amekufa na kumwachia urithi, naye adhani ni dawa inayofanya kazi. Hapo hata mimi nilicheka mpaka miwani ikaanguka.

Umeme ulikatika tukiwa tumebakiwa na dakika chache, tukamaliza kwa simu ya kijana, sauti ikiwa ndogo kama ya nyuki. Térézine akakiri kwamba ampenda Guillaume. Kijana alikuwa akiimba chini kwa chini pamoja na Kabongo. Baba yake akauliza kutoka mlangoni, "Na ile karatasi ya askari, je?"

Nikamweleza ya kuwa msichana aliinunua tena kwa sajini kwa fedha yake mwenyewe, akamrudishia Guillaume mkononi.

"Mahali gani? Sikupasikia."

Tukarudisha nyuma, naye akasogeza kiti chake ndani.