Skrini Isifiche Maradhi

Eksirei ya kifua haimalizi kazi yake pale mionzi inapopita mwilini mwa mgonjwa. Huimaliza pale jicho la daktari linapokiona kilichomo. Kati ya hatua hizo mbili leo imesimama skrini ya kompyuta, kifaa ambacho mara nyingi huorodheshwa pamoja na meza na viti. Hoja ya makala haya ni fupi: skrini inayosomewa picha za wagonjwa ni kifaa tiba, na mipangilio yake, yaani idadi ya pikseli na kasi ya kuhuisha picha, inastahili uangalizi uleule unaopewa mizani ya kliniki ya watoto na mashine ya kupimia shinikizo la damu. Usipokuwapo uangalizi huo, gharama huilipa mgonjwa, naye hajui kuwa ameilipa.

Enzi za filamu tatizo hili halikuwapo kwa sura hii. Filamu ilibandikwa kwenye kisanduku cha taa, ikasomwa kwa ukubwa wake halisi. Taa ikififia, kila aliyeingia chumbani aliona. Ujio wa eksirei ya kidijitali umeleta faida nyingi zisizo na ubishi: picha haipotei, haihitaji dawa za kusafishia, na iliyopigwa Iringa yaweza kusomwa Mbeya kabla mgonjwa hajavaa shati. Hata hivyo, picha hiyo sasa ni takwimu tu mpaka skrini iipe umbo, na skrini yaweza kuipa umbo pungufu bila kumwambia mtu.

Pikseli ni vitone vidogo vinavyoijenga picha. Resolusheni ni hesabu ya vitone hivyo kwa upana na kwa urefu. Skrini ya kawaida ya ofisini ina pikseli 1920 kwa 1080, zaidi kidogo ya milioni 2. Kompyuta ikipangwa kutuma 1024 kwa 768, hutoa pikseli 786,432 tu, na skrini hulazimika kuzitanua hizo chache zijaze nafasi ya milioni 2. Kinachotokea mbele ya daktari si giza wala ujumbe wa hitilafu. Ni picha nzima, yenye ukungu kidogo, isiyomtia mtu shaka. Hapo ndipo ilipo hatari.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo. Eksirei ya kifua cha mtu mzima hupigwa kwenye bamba la sentimita 35 kwa 43. Urefu huo wa milimita 430 ukionyeshwa wote kwa mistari 768, kila pikseli hubeba zaidi ya nusu milimita ya mwili. Kinundu cha milimita 1.5 hupata pikseli zisizofika 3 kwa upana. Kwa mistari 1080 hupata karibu 4. Kwa skrini ya kitabibu yenye mistari 2048 hupata 7. Pikseli tatu zenye ukungu si kinundu. Ni kivuli ambacho jicho lililochoka, mwisho wa zamu, hukipita.

Kipimo hicho cha milimita 1.5 hakikuchaguliwa kwa bahati. Katika mfumo wa Shirika la Kazi Duniani wa kusoma eksirei za magonjwa ya vumbi, vivuli vidogo vya mviringo vya kundi la kwanza ni vile visivyozidi milimita 1.5. Chunya, mkoani Mbeya, imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, na vumbi la mawe ndilo mzazi wa silikosisi, ugonjwa unaoyaandaa mapafu kupokea kifua kikuu. Isitoshe, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 uliiweka mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya katika safu ya juu kabisa ya maambukizi ya VVU nchini miongoni mwa watu wazima. Kinga ya mwili inaposhuka sana, kifua kikuu mara nyingi hakijitokezi kwa mashimo makubwa yanayoonekana kwa mbali. Chaweza kutawanyika mapafuni kama punje za mtama, kila punje milimita 1 hadi 3. Kwa hiyo katika Nyanda za Juu Kusini, pengine kuliko mahali pengi nchini, mambo madogo kwenye picha ni mambo makubwa kwa mgonjwa.

Umbo la picha nalo huharibika. Mpangilio wa 1024 kwa 768 una uwiano wa 4 kwa 3, ilhali skrini nyingi za sasa zina uwiano wa 16 kwa 9. Picha ikivutwa ijaze skrini hupanuka kwa theluthi moja bila kurefuka. Upana wa moyo ukilinganishwa na upana wa kifua, jibu halibadiliki, kwa kuwa vyote viwili vimevutwa pamoja. Lakini pembe ya mfupa uliovunjika, ikikadiriwa kwa jicho au kupimwa kwa rula juu ya kioo, hutoa jibu la uongo. Kichwa cha mfupa wa paja kikionekana kama yai, kabla ya kumshuku mgonjwa ishukiwe skrini.

Mipangilio huharibikaje? Mara nyingi si kwa uzembe wa mtu mmoja. Tangu mwaka 1994 skrini zimewekewa kumbukumbu ndogo inayoitambulisha kwa kompyuta: jina lake, pikseli zake, kasi zake. Utambulisho huo hupita kwenye nyaya nyembamba ndani ya kebo ileile ya picha. Pini moja ikipinda, au kebo ya bei rahisi ikikosa nyaya hizo, kompyuta haijui inazungumza na nani, hivyo huchagua resolusheni ya chini kwa usalama. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikawaka kabla ya skrini, jambo lilelile laweza kutokea. Programu endeshi ya kadi ya picha ikipotea baada ya mfumo kusasishwa, matokeo hayana tofauti. Njia nyingine huzaliwa na nia njema kabisa: kikao cha asubuhi kinaandaliwa, kompyuta ya kusomea inaunganishwa na projekta, na picha inarudufiwa kwenye vifaa vyote viwili. Katika kurudufu, kifaa chenye uwezo mdogo ndicho mara nyingi kinachoamua. Kikao kinakwisha, projekta inaondolewa, na mpangilio wa chini waweza kubaki.

Utatuzi wake una mpangilio, na anayeufuata hapotezi muda. Kwanza huangaliwa kebo na pini zake. Pili husomwa resolusheni ya asili ya skrini, iliyoandikwa kwenye kitabu chake, kisha hulinganishwa na inayotumwa na kompyuta. Tatu huhakikishwa kwamba programu endeshi ni ya kadi iliyomo. Baada ya hapo tu, kama resolusheni sahihi haimo katika orodha, ndipo huandikwa mpangilio maalumu kwa mkono. Hilo hutokea zaidi kwa skrini za kitabibu, ambazo nyingi zina vipimo visivyo vya kawaida kama 1536 kwa 2048, zikiwa zimesimama wima. Mpangilio mpya ukiifanya skrini iwe nyeusi au idai kwamba umevuka kiwango chake, hakuna haja ya kubonyeza ovyo. Windows husubiri sekunde 15, na isipothibitishiwa huurudisha mpangilio wa awali wenyewe. Ikishindikana, kompyuta huwashwa katika hali salama na kosa likafutwa.

Hapa ndipo kasi ya kuhuisha picha inapoingia. Kasi ya hezi 60 maana yake ni skrini kuchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Kebo na tundu lake vina kikomo cha pikseli vinavyoweza kubeba kwa sekunde, na kikomo hicho hugawanywa kati ya wingi wa pikseli na wingi wa mara. Skrini ya 1536 kwa 2048 kwa hezi 60 huhitaji karibu pikseli milioni 189 kila sekunde, bila kuhesabu muda wa mapumziko kati ya mistari. Kebo ya DVI ya njia moja huishia milioni 165. Fundi asiyejua hesabu hii hupunguza pikseli mpaka picha itokee, na kila mtu hushukuru. Ajuaye hutafuta kebo ya njia mbili au ya DisplayPort. Akiikosa, na skrini yenyewe ikikubali, hupunguza kasi na kuziacha pikseli zote mahali pake. Eksirei ni picha tuli. Haipotezi kitu skrini ya kisasa ikihuishwa mara 45 badala ya 60. Hupoteza mengi ikinyang'anywa pikseli.

Kwa ultrasaundi ya moyo kanuni hiyo hugeuka. Moyo wa mtoto mchanga unaopiga mara 140 kwa dakika humaliza pigo moja kwa chini ya nusu sekunde. Skrini ya hezi 60 huligawa pigo hilo katika picha zipatazo 26. Ya hezi 30 huligawa katika 13. Vali inayofunga vibaya kwa kitambo kifupi yaweza kuangukia katikati ya picha mbili. Kosa hili huingia kwa mlango wa maendeleo: skrini kubwa mpya ya pikseli 3840 kwa 2160 hununuliwa, ikaunganishwa kwa HDMI ya toleo la 1.4, ambalo kwa ukubwa huo hubeba picha 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotoka mwaka 2013, ndilo lililofikisha 60. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi lisiwe skrini ina uwezo gani, bali picha gani itasomwa juu yake.

Wapo watakaosema kwamba daktari anaweza kuikuza picha. Ni kweli, na afanye hivyo kila mara, mpaka pikseli moja ya picha ikae juu ya pikseli moja ya skrini. Lakini kompyuta ikituma resolusheni isiyo ya asili, hata iliyokuzwa hupitia ukungu uleule. Tena mtu hukuza anachokishuku, kisichoonekana hakishukiwi.

Wapo pia watakaotaja fedha. Skrini za kitabibu ni ghali mara nyingi kuliko za ofisini, na viwango vya Marekani vinavyotaka mwangaza wa angalau kandela 350 kwa mita mraba kwa skrini ya uchunguzi si rahisi kufikiwa kila mahali. Mpangilio sahihi hauigeuzi skrini ya ofisini kuwa ya kusomea eksirei ya matiti, na asidanganyike mtu kwa hilo. Lakini ukweli huo ndio unaoipa hoja nguvu: mwenye skrini duni hana anasa ya kuipunguza tena. Kuirudisha kwenye resolusheni yake ya asili hakugharimu hata shilingi.

Kinachokosekana ni mwenye dhamana. Mashine ya eksirei ina wakaguzi wake. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania husimamia usalama wa mionzi kwa sheria ya mwaka 2003. Skrini haitoi mionzi ya kuogopwa, hivyo huponyoka. Afisa TEHAMA huiona kuwa ya idara ya mionzi, mtaalamu wa mionzi huiona kuwa ya TEHAMA, na mhandisi wa vifaa tiba haioni kabisa katika daftari lake. Mali ya wote haina mlinzi.

Dawa yake ni ndogo. Kila skrini ya kusomea picha iandikwe katika daftari la vifaa tiba na ipewe mtu mmoja wa kuisimamia. Ubavuni mwake ibandikwe karatasi yenye resolusheni yake ya asili, kasi yake na aina ya kebo yake. Projekta itumie tundu lake, picha itanuliwe badala ya kurudufiwa. Kila mwezi, na kila baada ya umeme kusumbua, kebo kubadilishwa au mfumo kusasishwa, ifunguliwe picha ya majaribio ya SMPTE, ambayo hufunguka kwenye programu yoyote ya kusomea picha. Mistari myembamba ya pembeni isipotengana, resolusheni imeharibika. Mraba hafifu wa asilimia 5 ndani ya weusi na ule wa asilimia 95 ndani ya weupe usipoonekana, mwangaza na ulinganuzi vimeharibika. Kazi nzima ni ya dakika tano. Mbeya yenye ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina wanafunzi wanaoweza kujifunza zoezi hili katika wiki yao ya kwanza ya mionzi, na kulipeleka Iringa, Makambako au Chunya watakakopangiwa kazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsema mgonjwa anayeona haya kueleza hali yake. Mgonjwa wa leo aliyesafiri kutoka machimboni, akavua shati, akashika pumzi alipoambiwa ashike, hajaficha chochote. Si haki maradhi aliyoyatoa hadharani yafichwe na kebo iliyopinda pini.