Usinunue seva, nunua diski

Nikisema nina seva ya faili nyumbani, watu hunitazama kana kwamba nimesema nina helikopta. Picha waliyo nayo kichwani ni kabati jeusi lenye taa za kijani, ndani ya chumba cha baridi, na bei ya kuuza shamba. Wapi! Seva ni kompyuta yoyote inayokaa macho ikisubiri kompyuta nyingine ziiombe kitu. Yangu ni kompyuta kuukuu ya ofisini. Iko chini ya meza ya televisheni, na wageni hudhani ni king'amuzi kilichonenepa.

Leo sitakufundisha amri moja baada ya nyingine, maelezo ya aina hiyo yamejaa kwenye intaneti. Nataka tubishane kuhusu pesa. Msimamo wangu ni huu: ukiwa na shilingi elfu arobaini za kazi hii, zaidi ya nusu iende kwa diski, na sanduku lenyewe lipate makombo. Wengi ninaowajua hufanya kinyume. Hununua mashine inayong'aa, wakatia ndani yake diski moja ya bei ya chini kabisa, na hapo ndipo wanapoweka picha za harusi.

Kwanza, kwa nini mtu ajisumbue? Tarehe 1 Juni 2021 Google iliacha kuhifadhi picha bila kikomo bila malipo. Tangu siku hiyo picha, barua pepe na Drive hugawana gigabaiti 15. Ukiwa na simu yenye kamera nzuri na mtoto mchanga nyumbani, hizo haziendi mbali. Sawa, unaweza kulipa kila mwezi, na sina ugomvi na anayelipa. Tena kama vitu vyako vyote vinaingia kwenye hizo gigabaiti 15, huhitaji seva, nenda zako ukapumzike.

Ila kuna jambo la pili. Kuanzia Desemba 2023, akaunti ya Google ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Babu yangu alifariki 2022. Miaka yake ya mwisho alipenda kujirekodi kwenye simu, akitaja kwa Kidawida majina ya wazee wa ukoo, nani alizaa nani, mpaka wa shamba ulipita wapi kabla ya mti fulani kukatwa. Tulizipata sauti hizo kwa sababu simu ilikuwa bado inawaka na dada yangu alijua jinsi ya kuifungua. Akaunti yenyewe hatujaweza kuingia hadi leo. Nenosiri alienda nalo. Kwa hiyo ninapozungumzia diski sizungumzii filamu nilizopakua. Filamu zikipotea nitazitafuta tena.

Haya, turudi kwenye sanduku. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha nane. Matokeo yake ni kwamba ofisi zinaziondoa mashine nzima kabisa, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za kizazi cha sita na cha saba, na nyingine zinafika hapa kwetu kama mtumba wa Uingereza. Linux haijali kizazi. Yangu ina Core i5 ya kizazi cha sita na RAM ya gigabaiti 8, na niliilipia shilingi 11,500 katikati mwa Nairobi. Kwa kugawa faili nyumba nzima, hiyo ni nguvu ya kupita kiasi. Chunga kitu kimoja tu: zile ndogo kabisa zinazotoshea mkononi hazina nafasi ya diski kubwa za inchi 3.5. Mwambie muuzaji afungue kifuniko uhesabu nafasi na nyaya za umeme kabla hujatoa pesa.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisinunue kile kisanduku maalumu cha kuhifadhia faili, unachomeka na kuanza kutumia. Si kitu kibaya. Lakini uhai wake umo mikononi mwa aliyekitengeneza. Juni 2021, wenye WD My Book Live katika nchi mbalimbali waliamka wakakuta data yao imefutwa na watu walioingia kupitia intaneti. Kifaa hicho kilikuwa kimepata sasisho lake la mwisho 2015. Januari 2022 ikawa zamu ya visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti: virusi vya DeadBolt vilifunga faili na kudai bitikoini 0.03, wakati huo zaidi ya shilingi laki moja. Kompyuta ya kawaida yenye Debian nitaisasisha miaka mingi ijayo bila ruhusa ya kampuni yoyote. Na sijaifungulia mlango wa nje kamwe. Inaonekana ndani ya nyumba tu.

Sasa diski, na hapa naomba usiruke mistari.

Kuna diski zinazoandika data kwa njia zilizopandana kama mabati ya paa. Watengenezaji huziita SMR. Mabati yakipandana unafunika eneo kubwa kwa vifaa vichache, ndiyo maana ni rahisi. Lakini jaribu kubadilisha bati moja la katikati: lazima uinue yaliyolilalia. Diski hizo hufanya vivyo hivyo, na ukiziandikia vitu vingi mfululizo zinaanza kutambaa. Aina nyingine, CMR, kila njia imelala peke yake. Mwaka 2020 ilifichuka kwamba baadhi ya diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa mahususi kwa seva za nyumbani, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuelezwa. Kwa hiyo usisome rangi ya karatasi. Chukua namba kamili ya modeli, itafute kwenye orodha ya mtengenezaji ukiwa bado umesimama dukani.

Jambo moja linalotusaidia hapa ni biashara ya kamera za ulinzi. Kila jengo la kupangisha lina CCTV siku hizi, na kila CCTV inahitaji diski, kwa hiyo diski za kazi hiyo zimejaa madukani Luthuli Avenue. Zimetengenezwa kuzunguka usiku na mchana bila kupumzika, na kwa seva ya nyumbani zinafaa sana. Nilichukua mbili mpya za terabaiti 2, kila moja 7,500.

Ukinunua iliyotumika, nenda na laptopu na kebo ya kuunganishia diski kwa USB. Programu ya smartctl itakusomea historia yake. Tazama saa ilizowaka: mwaka mzima una saa 8,760, basi diski ya saa 40,000 imefanya kazi zaidi ya miaka minne na nusu. Kisha tazama mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Mimi nataka sifuri zote mbili, na moja ikikataa narudisha diski mezani. Kuna muuzaji aliniambia, "Bosi, hii ni mpya kabisa, ya nini kuipima?" Nilimshukuru nikaondoka. Hata hizo saa zinaweza kuchezewa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani ziligunduliwa diski za Seagate zilizouzwa kama mpya kumbe zilikuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, na hesabu ya kawaida ilikuwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wahusika ni kumbukumbu ya pili, FARM, ambayo smartctl ya siku hizi pia huisoma kwa diski za Seagate.

Nilisema zaidi ya nusu ya pesa iende kwa diski. Zangu ni tatu: mbili ndani, na moja ya nje ya USB ya terabaiti 2 kwa 8,000. Jumla 23,000. Wengi hapa wataniambia nizifanye zile mbili za ndani kuwa pacha, yaani RAID 1, kila kinachoandikwa kwa moja kiandikwe kwa nyingine papo hapo. Sikubaliani. Pacha wanakulinda dhidi ya diski moja kufa, basi. Mtoto akifuta folda, imefutwa kote kuwili. Virusi vikifunga faili, vimefunga kote kuwili. Faida halisi ya pacha ni kwamba kazi haisimami, na hilo ni muhimu benki. Nyumbani kwangu hakuna meneja wa kunipigia simu saa nane usiku. Seva ikilala siku nzima hatutakufa.

Ninachohitaji ni jana. Kwa hiyo diski ya kwanza ndiyo tunayoitumia, na kila usiku rsync inanakili mabadiliko kwenda ya pili, ikiacha folda ya kila siku iliyopita. Faili ambazo hazikubadilika hazirudiwi, zinaunganishwa tu, kwa hiyo siku thelathini hazili nafasi mara thelathini. Mama akifuta picha Jumatatu na kuikumbuka Ijumaa, naifuata Jumapili iliyopita.

Programu zote hizi ni huria na hazikugharimu hata ndururu. Samba, inayofanya Windows na simu zione folda za Linux, ilianzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina halihusiani na ngoma ya Brazil: alitafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Huyohuyo ndiye aliyeandika rsync pamoja na Paul Mackerras, 1996. Kama hupendi skrini nyeusi ya amri, weka OpenMediaVault, utabofya kila kitu kwenye kivinjari.

Stima. Watu husema, "Nina kompyuta ya 2008 iko bure, nitatumia hiyo." Hebu tupige hesabu. Yangu nimeipima kwenye soketi: wati 24 ikiwa imetulia. Kwa siku 30 hiyo ni uniti 17 na kidogo. Ile kuukuu ya rafiki yangu tuliikuta inakula wati 70, yaani uniti 50 kwa mwezi. Tukichukua shilingi 30 kwa uniti, tofauti ni karibu 1,000 kila mwezi, 12,000 kwa mwaka. Ameshalipia mashine yangu! Isitoshe, tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu, hadi uniti 30, kisha hadi 100, kisha zaidi ya 100. Nyumba ndogo ikiongezewa uniti 50 inapanda ngazi.

Kisha kuna stima kupotea. Sizungumzii usiku wa Agosti 25, 2023 pekee, nchi karibu nzima ilipoingia gizani. Ni zile dakika mbili mbili za kila wiki, inakatika na kurudi kwa kishindo diski ikiwa katikati ya kuandika. UPS ndogo ilinigharimu 5,500. Tafuta yenye tundu la USB la data, ili iweze kuiambia seva izime yenyewe kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Na kwenye BIOS, washa kile kipengele cha kompyuta kujiwasha stima ikirudi, la sivyo utakuwa unapiga magoti chini ya meza kila asubuhi.

Mtandao: tumia kebo kati ya seva na ruta, na uhakikishe tundu ni la gigabiti moja. Ruta nyingine za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100, ambapo gigabaiti 500 huchukua saa 12 hivi badala ya saa moja na nusu. Raha yake niliiona Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikaanza kuchechemea. Kwetu picha zilifunguka kama kawaida, maana hazikuwa zimevuka bahari.

Imebaki ile diski ya tatu. Haikai Nairobi. Mwizi akiingia au moto ukizuka, diski mbili zilizo kwenye sanduku moja ni diski moja. Ya nje inakaa kwa mama, karibu na Voi, ndani ya bati la biskuti. Nikisafiri naibeba kurudi, najaza mapya, naipeleka tena. Kupandisha terabaiti 2 kwa megabiti 10 kwa sekunde kungechukua siku 18 na ushee. Treni inafika kwa saa chache, na nauli ningelipa hata hivyo. Diski hiyo nimeifunga kwa LUKS, ikisahaulika kwenye kiti aliyeiokota hataona kitu. Nenosiri lake liko kwenye karatasi mbili, moja kwa dada yangu, nyingine mama ameificha anakokujua yeye.

Kwa hiyo 11,500, 15,000, 8,000 na 5,500, elfu arobaini kamili, bila kuhesabu kebo. Mwaka ujao nataka kupanda hadi terabaiti 4. Ukiona diski ya CCTV ya ukubwa huo, CMR, yenye waranti, chini ya elfu tisa, niambie ni duka gani kabla hujawaambia wengine.