Mastaa na Baiskeli za Shokapu: Gunia la Korosho Halidanganywi na Promo

Wadau, leo tuongelee baiskeli. Msicheke, kuna hela za watu hapa.

Siku hizi ukifungua Insta hukosi staa (jina kapuni, kesi sitaki) kapanda baiskeli ya gia yenye shokapu mbele na nyuma, miwani kali, anazunguka zake kwenye lami ya Masaki. Chini kaandika: muundo mpya, haili nguvu, njia yoyote inapita. Lami ya Masaki, jamani! Shokapu inafanya kazi gani pale?

Ningecheka nikapita kama promo ingeishia Dar. Tatizo inafika mpaka Mandawa, pande zote za Ruangwa na Nachingwea. Korosho zikishalipwa, kijana ana hela mkononi na bando kwenye simu, anatafuta chombo cha kutoa gunia shambani kufikisha ghala la AMCOS. Anamwamini staa. Hela ya msimu mzima inaondoka hivyo.

Tuwe wakweli, shokapu yenyewe si uongo. Kampuni ya RockShox ilianza Marekani mwaka 1989, na wanaoshuka milima ya mawe kwa spidi wanaijua faida yake. Ila shokapu ya maana ina springi au hewa, pamoja na mafuta ndani yanayoizuia isirudi kwa kuruka. Nzuri ya mbele peke yake inaweza kuzidi shilingi milioni 2. Sasa ukiuziwa baiskeli nzima kwa laki tatu, jiulize mle ndani kuna nini. Mara nyingi ni springi tupu. Ukikanyaga inabonyea, ukiachia inanyanyuka, na jasho lako linaishia kwenye springi badala ya kwenda kwenye tairi.

Watakwambia muundo mpya umemaliza hilo. Kila baada ya muda wanahamisha kiungo cha fremu kidogo, wanakipa jina jipya, bei inapanda. Lakini hata zile za mamilioni, nyingi zina swichi ya kuifunga shokapu isicheze unapopanda mlima. Kama haili nguvu, swichi ya nini?

Alafu kuna suala la keria. Fremu yenye shokapu ya nyuma inajikunja katikati, kwa hiyo keria ya kawaida, ile inayoshika kwenye ekseli na chini ya siti, haikai. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80. Unayafunga wapi? Na shokapu ikifa, fundi wa kijijini ana spoku, ana tyubu, ana cheni. Shokapu hana.

Ushahidi huu hapa. Mwaka 2002 RockShox ilinunuliwa na kampuni ya SRAM. Mmoja wa waanzilishi wa SRAM, F.K. Day, mwaka 2005 alianzisha na mkewe shirika la World Bicycle Relief, linalopeleka baiskeli vijijini, zikiwemo Kenya, Zambia na Malawi. Baiskeli yao inaitwa Buffalo. Chuma kitupu, keria ya kubeba hadi kilo 100. Shokapu? Mbele hakuna, nyuma hakuna. Yaani mtu ambaye kampuni yake inauza shokapu dunia nzima, alipofikiria vumbi na mizigo ya huku kwetu, aliziacha dukani!

Kwa hiyo mdau, kabla hujatuma hela, muulize muuzaji vitu vitatu. Haili nguvu ukilinganisha na baiskeli ipi? Nani alipima, na alikuwa amebeba kilo ngapi? Spea nazipata wapi nikiwa Ruangwa? Akikujibu kwa emoji za moto, funga pochi.

Kama unataka ya kutembelea tu na kupigia picha, nunua, raha yako. Ila ya kazi, tafuta fremu ngumu, rimu imara na keria ya chuma.

Nani kashapigwa na hizi promo? Funguka hapo chini.

Na wewe staa, jina lako tumelitunza. Siku ukija Ruangwa kuangalia mechi ya Namungo, njoo na hiyo baiskeli. Gunia tutakupa sisi.