Kamembe Nayo ni Ugenini

Mwezi wa Machi 2025 nilivuka daraja la Ruzizi ya Kwanza nikiwa na begi moja mgongoni: kompyuta, spika za masikioni, daftari na nguo za kubadilisha. Mbele yangu walikuwa akina mama wenye ndoo na mabeseni matupu, wakienda sokoni. Afisa wa mpakani aliniuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Unaenda kufanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Kutafsiri na kuandika sauti."

"Kwa nani?"

Nikamwambia, kwa watu wa Ubelgiji. Akacheka. "Kijana, Ubelgiji si huku." Akagonga muhuri, nikapita.

Nimeukumbuka mzaha wake mara nyingi tangu siku ile. Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wamevuka daraja lile kwa sababu kama yangu. Vita vilipofika mjini Februari 2025, benki zilifunga milango. Umeme Kadutu ulikuja na kukatika bila ratiba, na faili la saa moja la sauti lilichukua usiku mzima kushuka. Ng'ambo, robo saa kwa pikipiki kutoka darajani, kuna umeme wa kutegemewa, intaneti inayotembea, na wakala wa kukutolea fedha. Basi watatu tulikodi chumba Kamembe, tukakaa miezi mitatu. Tulikuwa tunaishi nje ya nchi yetu, katika nchi ya joto na mvua kama yetu, tukilipwa na watu walio maelfu ya kilomita mbali ambao hatujawahi kuonana nao.

Ukiyaeleza maisha haya kwa maneno hayo, kuna watu watakaodhani unasoma tangazo la utalii. Morisi ilianzisha visa maalumu mwaka 2020 kwa mgeni anayetaka kukaa kisiwani huku kazi na mshahara wake viko nje. Kenya nayo iliongeza kibali cha Daraja N mwaka 2024 kwa watu wa aina hiyo hiyo. Magazeti huwaita wahamaji wa kidijitali, na picha zao huwa na mnazi, kikombe cha kahawa na kompyuta juu ya meza ya mbao. Sina kinyongo nao. Swali langu ni la mwanafunzi wa lugha: kwa nini jina hilo halimfikii mtu wa Bukavu aliyeko Kamembe? Yeye huitwa mgeni, mfanyabiashara mdogo, mkimbizi, au "yule kijana wa kompyuta". Karatasi yangu ya kuvukia haikuwa na mahali pa kuandika kazi kama yangu. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Nikiisoma, namwona mfanyakazi anayemfuata mwajiri wake nchi ya pili. Simwoni aliyefuata soketi ya umeme huku mwajiri akiwa nchi ya tatu.

(Umeme wenyewe, kwa sehemu, unatoka mto tuliouvuka. Ruzizi ya Pili inazigawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi tangu 1989. Kwa hiyo nilikwenda ugenini kuyafuata maji yaliyotoka ziwani kwetu.)

Na tusijidanganye kwamba Bukavu haijawahi kuwaona watu wa mshahara wa mbali. Mji huu, enzi ulipoitwa Costermansville, ulijengwa kwa ajili ya watu waliotoka Ulaya kuja kuishi kando ya ziwa kwa hewa yake nzuri. Baadaye wakaja wa mashirika na wa Umoja wa Mataifa, ambao askari wao waliondoka Kivu Kusini mwaka 2024. Kodi za Muhumba na Nguba zilijifunza kuhesabu kwa dola kwa sababu yao. Hakuna aliyewauliza kama kazi yao ni kazi. Ilijulikana kuwa ni kazi kwa sababu fedha zao zilionekana mtaani. Zetu hazionekani, na sababu moja ni kwamba ni kidogo mno. Hapo ndipo ninapotaka wenzangu na walimu wangu wanisikilize.

Mteja wetu alikuwa wakala wa tafsiri ambaye sitamtaja. Kazi: kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa vijijini Kivu Kusini, kuyaandika neno kwa neno kwa Kiswahili, kisha kuyatia katika Kifaransa. Malipo ya kuandika: senti 40 za dola kwa kila dakika ya sauti. Saa moja ya sauti ni dola 24. Inasikika vizuri mpaka ukae nayo. Saa moja ya watu watatu wanaozungumza kwa pamoja, jogoo anawika, mvua iko juu ya mabati, humaliza saa sita za mwandishi. Hizo ni dola 4 kwa saa, kabla ya chumba, intaneti na makato ya kutuma fedha.

Siku ya kwanza fomu ya kujiandikisha iliniuliza ninazungumza Kiswahili kipi. Palikuwa na nafasi mbili: cha Kenya na cha Tanzania. Nilichagua Tanzania, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Ajabu ni kwamba orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, ina msimbo wake wa Kiswahili cha Kongo, swc, mbali na swh cha pwani. Wataalamu wametupa msimbo, fomu haikutupa mstari.

Wiki ya pili ndipo tulipojua gharama ya mstari ule. Mama mmoja katika sauti alisema, "Batu bote balikimbia." Nikaandika hivyo hivyo, kwa kuwa maagizo yalisema neno kwa neno. Msahihishaji, popote alipokuwa, akapiga mistari myekundu: watu, wote, walikimbia. Kila "fasi" aliigeuza "mahali". Kila "njo" aliihesabu kosa la tahajia. Makosa yalipozidi kiwango chao, malipo ya faili lile yalikatwa nusu. Dola 24 zikawa 12, saa sita zikawa za dola mbili mbili. Mwenzangu alianza kuandika Kiswahili bora moja kwa moja ili asikatwe. Alilipwa kamili. Lakini mama yule sasa anazungumza kama mtangazaji wa redio, na mtu atakayesoma ushahidi wake kesho hatajua alitoka wapi, wala kwamba kuna maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Nilimwandikia wakala barua. Nilieleza kwamba ba- ndiyo hali halisi ya kiambishi kile katika mazungumzo ya Kivu, kwamba kuandika neno kwa neno na kusahihisha sarufi ni kazi mbili tofauti zenye bei mbili tofauti, nikatoa mifano kumi kutoka faili zao wenyewe. Walijibu baada ya siku tisa. Walirudisha fedha za faili moja kati ya manne. Barua ile ilinichukua usiku mmoja, na niliandika kila sentensi yake kwa vitu nilivyofundishwa hapa: fonolojia, mofolojia, isimu jamii. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba vitu hivyo vinaweza kutetea malipo.

Tunajua mambo haya yanavyokwenda yasipotetewa. Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa ajili ya lugha zao, wakae Kenya wakichuja maandishi na picha za Facebook. Mhabeshi alihitajika kwa Kiamhari chake, Msomali kwa Kisomali chake. Nao walikuwa ugenini, wakifanya kazi ya mwajiri wa mbali kwa kutumia lugha ya nyumbani. Kazi ilipofungwa mapema 2023, zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani, na wageni miongoni mwao walikuwa na hofu ya pili: kibali cha kukaa kilifungamana na ajira iliyokwisha. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Mwezi Januari 2023 jarida la Time lilikuwa limeandika kwamba wafanyakazi wengine wa Sama, waliokuwa wakisoma na kupanga maandishi machafu kwa ajili ya OpenAI, walipokea kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Niliposoma hesabu hiyo niliitazama ile yangu ya faili lililokatwa. Sikuwa mbali nao, ila wao walikuwa wengi kwenye jengo moja na waliweza kukutana. Sisi tulikuwa watatu kwenye chumba, na hatukujua nani mwingine Kamembe au Bukavu alikuwa akimfanyia kazi wakala yule yule.

Niliporudi nililileta jambo hili kwa mmoja wa walimu wetu ninayemheshimu sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo mawili. La kwanza: "Mwanangu, kitivo si karakana. Unauza lugha kwa kilo." La pili lilinichoma zaidi: sauti hizo na maandishi hayo mwishowe huingia katika mashine, na mashine zitakapojua Kiswahili chetu hazitatuhitaji tena.

La pili sina jibu lake kamili, na sitajifanya ninalo. Huenda ni kweli. Ninachokijua ni kwamba programu za kuandika sauti nilizozijaribu Kamembe zinamsikia mtu wa Dar es Salaam vizuri na zinamwandika mtu wa Kalehe upuuzi mtupu. Zitafundishwa siku moja, nasi tukiwemo au tusiwemo. Zikifundishwa na yule msahihishaji wa mistari myekundu, zitajifunza kwamba mama yule anakosea kila neno.

La kwanza silikubali. Lugha yetu inauzwa kwa kilo tayari, na mizani imeshikwa na mtu mwingine. Katiba ya 2006 inaitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Rwanda iliipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, Umoja wa Afrika ukaifanya lugha rasmi ya kazi mwaka 2022. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge, tunasoma mashairi na kupongezana. Hata hivyo, mwanafunzi anamaliza miaka yake hapa bila kuonyeshwa mkataba wa tafsiri hata mmoja, bila kujua tofauti ya bei kwa neno na bei kwa dakika, bila kufanyishwa zoezi la kuandika sauti halisi ya mtu wa Walungu au Fizi. Katika mitihani tunakatwa alama tukiandika "batu", na ni haki, maana mtihani ni wa Kiswahili sanifu. Lakini tukitoka hapo tumebeba aibu, na aibu hiyo ndiyo inayomfanya mwenzangu aibadilishe kauli ya mama wa watu bila kuulizwa. Mtu anayeona lugha yake ni makosa hawezi kubishana na msahihishaji kuhusu bei ya kuiandika.

Sidai idara mpya. Bajeti tunaijua sote. Nadai saa mbili kwa wiki ndani ya semina ya tafsiri iliyopo. Tuandike sauti za kwetu kama zilivyo, pamoja na kanuni moja ya uandishi ambayo kitivo kitaiweka jina lake, ili mwanafunzi akikatwa awe na kitu cha kumwonyesha mteja. Tusome mikataba, hata ile mibaya, hasa ile mibaya. Na kazi hii ihesabiwe kama mazoezi ya kazi ya lisansi, sawa na anayekwenda kufundisha shule ya sekondari. Rafiki yangu aliyetafsiri kurasa mia tatu Kamembe aliambiwa hana mazoezi ya kazi.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kuwafundisha vijana kuondoka. Wameshaondoka, kila asubuhi, na wengine hurudi jioni kabla mpaka haujafungwa. Saa za Kamembe na za Bukavu ni zile zile, na wakati wa kiangazi cha Ulaya ni zile zile za Brussels pia. Mteja akiamka, sisi tuko mezani. Anachokosa ni kujua sisi ni nani, na sisi tunachokosa ni kujuana.

Jumatatu iliyopita, kabla ya semina kuanza, niliandika bei zangu tatu ubaoni: kuandika sauti, kutafsiri, kusahihisha. Sikuandika jina langu. Niliwaomba wengine waongeze zao chini yake. Kufikia Alhamisi zilikuwa nne. Moja ilikuwa nusu ya yangu. Nyingine ilikuwa mara tatu, kwa kazi ile ile na kwa wakala yule yule, na aliyeiandika, nilikuja kujua baadaye, huketi nyuma yangu tangu mwaka wa kwanza.