Umaarufu ni mtihani mkubwa kwa chama cha walioacha pombe

NYOTA wa filamu au mwanasiasa anapotangaza hadharani kuwa ameacha pombe, wahariri huipa habari hiyo ukurasa wa kwanza nao wasomaji humsifu kwa ujasiri wake. Ni vigumu kuona ubaya wowote hapo. Hata hivyo, Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kimeshikilia kwa zaidi ya miaka 70 kwamba mwanachama hapaswi kujitambulisha kwa jina kamili mbele ya vyombo vya habari. Anayedhani kuwa sababu ni aibu tu hajakielewa chama hicho.

AA ilianzia mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mnamo Juni 1935, baada ya Bill Wilson, dalali wa soko la hisa kutoka New York, kukutana na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wote wawili walikuwa wameharibiwa na chupa. Waligundua kwamba mlevi humsikiza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiza daktari, mke au kasisi.

Mwanzoni, aibu ilikuwa sababu mojawapo ya kuficha majina. Enzi hizo, kujulikana kuwa mlevi kulitosha kumfutisha mtu kazi. Kulikuwa pia na sababu ya kawaida kabisa. Kitabu cha chama kilichochapishwa mwaka 1939, bila jina la mwandishi, kilieleza kwamba wanachama walikuwa wachache mno, na wangelemewa na maombi ya msaada iwapo wangejulikana.

Mtihani wa kwanza ulitokea uwanjani. Rollie Hemsley, mdakaji wa timu ya besiboli ya Cleveland, alikuwa na sifa mbaya ya ulevi iliyomhamisha kutoka timu moja hadi nyingine. Mnamo Aprili 1940, muda mfupi baada ya kung'ara katika mechi ya kufungua msimu, alifichulia wanahabari kwamba alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuonja pombe, na kwamba AA ndiyo iliyomwokoa. Habari zikatapakaa kote nchini humo.

Ikumbukwe kwamba Hemsley hakutangaza uongo. Madhara aliyoyaleta yalikuwa ya aina nyingine, na yalimpata Wilson mwenyewe. Mwasisi huyo alianza kuzunguka mijini akitoa mahojiano na kupigwa picha, jina lake likichapishwa pasi na kificho. Baadaye, katika makala aliyoandikia jarida la chama mnamo Januari 1955, alikiri kwamba alijidanganya kuwa alifanya hivyo kwa manufaa ya walevi wenzake, ilhali aliyekuwa akinufaika zaidi ni yeye na majivuno yake. Isitoshe, kila mwanachama aliyetaka sifa angeweza kuuliza: ikiwa Bill ameruhusiwa, mimi nakatazwa kwa nini?

Hapo ndipo kiini cha suala hili kilipo. Mlevi, kwa mtazamo wa AA, si mtu aliyezidiwa na kiu ya kinywaji pekee. Ni mtu aliyejiweka katikati ya dunia na kutaka kila jambo limzunguke. Akipokonywa chupa kisha akapewa makofi ya umma, huenda akawa amebadilisha kileo tu.

Kanuni 12 za chama, zinazojulikana kama Desturi, zilichapishwa mwaka 1946 na kuidhinishwa katika kongamano la Cleveland mwaka 1950. Ya 11 inataka chama kivutie watu kwa matendo yake wala si kwa kujipigia debe, na kila mwanachama asitajwe jina katika magazeti, redio na filamu. Ya 12 inatangaza kwamba kutotajwa jina ndio msingi wa kiroho wa kanuni nyingine zote.

Wengi husahau kwamba marufuku hayo hayahusu maisha ya kila siku. Mwanachama yu huru kumwambia jirani, mwajiri au shemeji. Daktari Smith alikuwa na msimamo kwamba anayejificha kiasi cha kutoweza kupatikana na mlevi anayehitaji msaada naye amevunja kanuni, sawa na anayejianika magazetini.

Je, chama kisicho na nyuso kinawezaje kujulikana? Jibu lilipatikana mapema. Mnamo Machi 1941, jarida la Saturday Evening Post lilichapisha makala ya mwanahabari Jack Alexander kuhusu AA. Hakuna mwanachama aliyetambulishwa kwa jina lake kamili. Mwaka huo ulipokwisha, idadi ya wanachama ilikuwa imepanda kutoka takriban 2,000 hadi 8,000. Kwa hakika, huo ni ushahidi mzito dhidi ya wanaodai kwamba bila mtu mashuhuri ujumbe haufiki.

Wilson naye alijirekebisha. Mwaka 1954 alikataa shahada ya heshima kutoka Chuo Kikuu cha Yale. Alipofika mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1969 kuzungumzia ulevi, aliomba wapigapicha wamchukue kutoka nyuma. Umma mpana ulilisoma jina lake kamili alipoaga dunia Januari 1971.

Ni kweli kwamba kimya kina gharama yake. Jamii isiyomwona yeyote aliyepona huamini kuwa mlevi haponi. Njia ya kati ilidhihirika Washington mwaka 1976, ambapo watu 52 wenye majina makubwa, miongoni mwao Buzz Aldrin aliyetembea mwezini na mwigizaji Dick Van Dyke, walisimama pamoja kutangaza kuwa wameushinda ulevi. Walieleza hali yao bila kujinadi kuwa wanachama wa AA. Miaka miwili baadaye, Betty Ford, mke wa rais wa zamani Gerald Ford, alikiri uraibu wake wa pombe na dawa, na mwaka 1982 kituo cha matibabu chenye jina lake kikafunguliwa California. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ina uzito: akianguka, huanguka peke yake, wala haangushi chama.

Kuanguka si jambo la kubahatisha katika ugonjwa huu. Mwigizaji Matthew Perry alisimulia wazi katika kitabu chake cha mwaka 2022 jinsi alivyopambana na pombe na dawa, na jinsi alivyorejelea uraibu mara nyingi. Alifariki Oktoba 2023 akiwa na umri wa miaka 54, na uchunguzi ukabaini kuwa ketamini ndiyo iliyomuua. Si haki kumhukumu marehemu. Ukweli wake uliwafaa wengi. Hata hivyo, mlevi aliyekuwa akimtazama kama kielelezo aliachwa akijiuliza: ikiwa yeye, kwa fedha zake zote, hakufaulu, mimi je?

Nchini Kenya, ambako vikundi vya AA vimekutana kwa miaka mingi, suala hili lina sura yake. Hapa ushuhuda ni mali. Makanisani na redioni, aliyeokoka kutoka chang'aa huitwa mbele aeleze alikotoka, na kadiri kisa kinavyotisha ndivyo kinavyopendwa. Siku hizi simu humfanya kila mtu kuwa mtangazaji. Tangu janga la Covid-19 lilipohamishia mikutano mingi mitandaoni mwaka 2020, jina kamili la mwanachama huweza kujitokeza kwenye skrini kabla hajatamka neno.

Desturi ya 11 humfunga mwanachama, haimfungi mhariri. Mwanahabari anayepenya mkutanoni na kuandika aliowaona havunji sheria yoyote ya chama. Lakini msanii aliyetajwa atapata mahojiano mengine matatu wiki hiyo. Mwalimu au dereva wa matatu aliyekuwa ameketi kando yake, aliyekuja kwa mara ya kwanza na kumwambia mkewe kwamba anaenda kumwona rafiki, hatarudi Jumanne ijayo.