Liacheni Tabasamu, Andikeni Foleni

Kuna maandishi ambayo nikisoma sentensi ya kwanza najua ya mwisho itasemaje. Mwandishi ni mgeni aliyekaa Thailand miaka mitano, kumi, au ishirini. Alikuja akiwapenda Wathai, sasa amewachoka, na leo ameamua kutoa dukuduku. Wathai hawakwambii ukweli. Wathai wanacheka hata pasipochekesha. Hawafiki kwa wakati. Wanakuuliza una umri gani, una mke, unalipwa shilingi ngapi. Ukigomba wewe, wao wanatabasamu tu. Mwisho kabisa mwandishi anahema: "Lakini nawapenda hivyo hivyo."

Waingereza, Wajerumani na Waaustralia waliostaafia Pattaya na Chiang Mai wameyaandika hayo mpaka yamechuja rangi. Ningewaachia, ni yao. Kinachonichoma ni kwamba sasa vijana wetu wachache walioko huku nao wameanza kuyaandika, kwa Kiswahili kizuri kabisa, neno kwa neno. Wanaiga hata manung'uniko! Jamani, hata hasira nayo tuazime kwa Mzungu?

Mimi naishi Bangkok, huu mwaka wa tisa. Nafundisha Kiingereza watoto wa shule ya msingi, na mwisho wa wiki nakaa kijiweni na washikaji wa mawe kule Mahesak, karibu na Silom, ambako rubi na tanzanaiti zetu zinabadilishwa kuwa pesa ya kula. Kwa hiyo sisemi kwamba mtu asilalamike. Nasema tulalamike yaliyo yetu.

Chukueni hili la kuulizwa maswali. Mzungu wa ghorofa ya nne kwetu ana miaka zaidi ya kumi hapa, na mpaka leo anapandisha mori kila jirani akimwuliza "pai nai?", yaani unaenda wapi. Anaona anachunguzwa. Sasa wewe mtoto wa Magomeni, au wa Mombasa Mji wa Kale, toka lini "Wapi hiyo?" ikawa uchunguzi? Si salamu hiyo? Unajibu "Hapo tu", unapita, mambo yamekwisha. Na Mthai naye anajibu vivyo hivyo, "pai thiao", natembea tu. Wakikuuliza kama umeshakula wali hawajakualika chakula, wamekuamkia. Umri wanauliza kwa sababu bila umri hawajui wakuite phi, mkubwa wao, au nong, mdogo wao. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba yenye shikamoo hapaswi kufafanuliwa jambo hili. Nimemfafanulia Mzungu wa ghorofa ya nne mara tatu, na yeye namsamehe, kwao hakuna shikamoo. Wewe nikusamehe kwa lipi?

Halafu eti Wathai ni waongo. Wana neno lao, kreng jai, na wageni wote wanalijua kwa sababu limo kwenye kila kijitabu cha watalii. Vijitabu vinasema ni tabia ya ajabu ya Mashariki. Ajabu gani? Ni kumwonea mtu soni, kumstahi, kutotaka kumkera wala kumtwisha mzigo wako. Bibi yangu alikuwa nayo tele. Fundi wa mabomba anasema "khrap", wewe unasikia "ndiyo, kesho saa nne nakuja". Yeye amesema "nimekusikia, bwana". Hizo ni ndiyo mbili tofauti, na ukikaa na watu utazitofautisha kwa sauti tu. Nakubali inaudhi. Dari la chumba changu lilivuja wiki tatu, mwenye nyumba akitabasamu wiki zote tatu, na siku moja nilitamani anitukane tu nijue moja. Lakini fundi cherehani wetu wa Kariakoo anayekwambia "njoo kesho" mpaka harusi imepita, yeye anaitwaje? Hajaandikiwa kitabu chochote cha falsafa ya Mashariki.

Haya, basi. Tabasamu liwekeni pembeni. Sasa foleni.

Sheria ya uhamiaji ya Thailand ni ya 1979. Kwa hesabu yao ni mwaka 2522, maana kalenda yao ya Kibuddha iko mbele ya yetu kwa miaka 543, na ukikosea mwaka kwenye fomu unaanza upya. Sheria hiyo inasema mgeni aliyepewa ruhusa ya muda, akikaa nchini zaidi ya siku 90 mfululizo, aripoti anapoishi. Siku nyingine 90, aripoti tena. Haijalishi hujahama. Haijalishi una mke na watoto wanaosoma shule hapo mtaani. Ukichelewa, faini baht 2,000. Mtu aliyeachiwa kwa dhamana ndiye huripoti hivyo kwetu. Mimi kila msimu nakwenda kuiambia serikali kwamba bado nipo, palepale. Siku hizi unaweza kuripoti kwa mtandao, siku ambayo mtandao wenyewe umeamka vizuri.

Ipo na fomu nyingine, TM30. Hiyo si yako, ni ya mwenye nyumba: mgeni akifika kulala kwake, awaarifu uhamiaji ndani ya saa 24. Miaka mingi ilikuwa imelala kwenye makabati. 2019 wakaifufua kwa ukali, ukisafiri mkoani siku mbili ukarudi kwako mwenyewe, inatakiwa iandikwe upya. Kelele zikawa nyingi na 2020 wakalegeza. Lakini ona mtego ulipo: wajibu ni wa mwenye nyumba, ila anayekwama dirishani ni mpangaji. Na wako wenye nyumba wasiotaka kabisa jina lao lifike ofisi yoyote ya serikali, kwa sababu kodi ya pango wanaipokea kimyakimya. Unambembeleza mtu akuandikishe, naye anatabasamu. Hapo ndipo tabasamu linapata maana ya kuandikwa! Ana soni ya kukukatalia na ana woga wa mtoza ushuru, vyote kwenye uso mmoja. Hadithi hiyo sijaiona kwa yeyote kati yenu.

Na kibali cha kazi. Kibali changu kimefungwa kwa mwajiri wangu, viza imefungwa kwa kibali, na mimi nimefungwa kwa viza. Kazi ikiisha leo, ruhusa ya kukaa nayo inaanza kuisha. Mnaona kwa nini walimu wa kigeni hatuna mdomo kwenye vikao? Ukaazi wa kudumu upo kwa sheria, watu 100 tu kwa mwaka kwa kila taifa. Watanzania hatufiki hata wa kugombania nafasi hizo, lakini masharti ya mapato na miaka na makaratasi hayajali kwamba foleni yenu ni fupi.

Sasa rangi. Mzungu analalamika kuitwa farang kila anapopita. Neno lenyewe ni msafiri mkongwe wa Bahari ya Hindi, limetokana na jina la Wafaranki wa Ulaya likapitia Uajemi, na ndugu yake ni hilo ferenji wanaloliita Waethiopia. Kwa Kithai ni pia jina la pera. Nyinyi mnataka kuuawa kwa kuitwa mapera? Mhindi, Mwarabu na Mmalay anaitwa khaek, na maana yake ni mgeni, hata kama ukoo wake umezaliwa hapo vizazi vitano. Mimi ni khon dam, mtu mweusi, moja kwa moja. Jina halinipi shida. Shida inakuja kwenye kazi. Shule moja niliyofundisha ilinipa madarasa manne, na kwenye bango la barabarani ikaweka picha ya kijana wa Kizungu aliyekuwa amekuja kupiga mbizi visiwani na kuishiwa nauli. Yeye alilipwa zaidi yangu, na kuandaa somo alikuja kuuliza kwangu. Waulizeni walimu Wafilipino, Wakameruni, Wakenya, kila mmoja ana bango lake.

Wala msikimbilie kusema "Wathai wabaguzi" mkafunga daftari. 2016 tangazo moja la vidonge vya kung'arisha ngozi lilisema huko kwamba ukiwa mweupe tu umeshinda. Waliopiga kelele wa kwanza ni Wathai wenyewe, mpaka tangazo likaondolewa na kampuni ikaomba radhi. Mwuza khanom wa mtaani kwangu ametoka mashamba ya Isan, mweusi wa kung'aa, na anajua mambo ya rangi kuliko mimi. Mabinti wanajipaka krimu hapa, na kwetu mkorogo unauzwa uchochoroni. Tuna mazungumzo ya kufanya na watu hawa, tukiacha kuwatazama kwa macho ya kuazima.

Bei mbili je? Khao Yai, mbuga yao maarufu, kwa miaka mingi bei ya mgeni imekuwa 400 na ya mwenyeji 40, na hiyo 40 imeandikwa kwa tarakimu za Kithai ili usiisome. Ujanja wa kitoto, nakubali, na mimi nimezilipa hizo 400 huku natukana kimoyomoyo. Lakini Mtanzania anayeandika kurasa tatu kuhusu dhuluma hiyo aniambie kwanza Serengeti mgeni analipa kwa fedha gani. Dola! Na mwananchi shilingi. Ardhi je? Thailand mgeni hamiliki ardhi, anaruhusiwa fleti tu, nazo zisizidi asilimia 49 ya eneo la jengo. Sheria yetu ya ardhi ya 1999 nayo inamnyima asiye raia, isipokuwa kwa uwekezaji. Hatuna pa kusimamia tukapiga mayowe.

Lakini haya yote, mtaniwia radhi, bado ni ya watu wenye pasipoti mfukoni na nauli ya kurudi. Wageni waliokaa na Wathai kwa muda mrefu kuliko sisi sote si Mzungu wa ghorofa ya nne na wala si mimi. Ni Waburma, Walao na Wakambodia, mamilioni ya watu, wanaovua samaki, wanaomenya kamba viwandani Samut Sakhon, wanaolea watoto wa watu, wanaojenga. Wale hakuna anayewaita "wakaazi wa kigeni". Wanaitwa vibarua. Machi 28, 2025 tetemeko lililoanzia Myanmar liliangusha ghorofa refu lililokuwa likijengwa Bangkok kwa ajili ya ofisi ya serikali ya ukaguzi wa hesabu, na miongoni mwa waliofukiwa walikuwamo vijana wa Myanmar waliokuwa zamu. Nchi yao ilikuwa inabomoka siku hiyohiyo. Julai mwaka huohuo mapigano yakazuka mpakani na Kambodia, na Wakambodia maelfu kwa maelfu wakafungasha virago, baadhi wakiwa na watoto wasiojua lugha nyingine ila Kithai.

Kuna mama wa Kiburma anayefagia ngazi za jengo letu. Kithai amekijua kwa miezi michache, toni zote tano, kwa sababu hakuna aliyempokea kwa Kiingereza. Mzungu wetu miaka yote hiyo bado "wali" na "mlima" na "goti" ni khao moja tu mdomoni mwake, halafu analalamika hawamwelewi. Hebu niambieni, katika hao wawili, nani ana kisa?

Washikaji wa mawe nao wana chao. Unatoa jiwe Tanzania kwa jasho, unalifikisha Bangkok, na katika kazi alizokatazwa mgeni, tangu ile amri ya 1979 iliyotaja kazi 39, imo na hii: kukata na kung'arisha vito. Unyozi nao umo. Kwa hiyo unamkabidhi Mthai jiwe lako, unakaa kwenye kigoda, unamtazama. Mshikaji mmoja anasema kungoja jiwe lirudi ni kama kungoja mke atoke leba. Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko kurasa zote za "Nchi ya Matabasamu" nilizosoma mwaka huu, na aliyeisema hajawahi kuandika hata barua ndefu.

Na mkitaka kujua mgeni anavyoonekana, anzeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1990 johari zilipopatikana Tunduru, wanunuzi Wathai walifika wengi, wakapanga vyumba, wakala ugali, wakanunua mawe barazani. Hivi leo Mthai akipita Kariakoo unamwita nani? "We Mchina!" Na bei ya nyanya unampa ile ile ya mama yako? Wale wa Tunduru waliandika barua nyumbani, lazima. Ningezipata ningezitafsiri bure. Nadhani zinasema kwamba wenyeji wa huku ni wakarimu, ila hawafiki kwa wakati, wanacheka ovyo, wanasema "kesho" kwa kila kitu, na huwezi kutoka nje bila mtu kukuuliza unaenda wapi.